Taa za Kuamka za Mazda MX-5: Hivi Ndivyo Masee Huziunda Upya

Mazda MX-5 ya kwanza (1989–1997) ndio ile ndai taa zake hulala mchana, zikiwashwa zinaamka. Iliyofuata ikaja na taa za kawaida, ladha ikaisha. Ukitaka kuunda zako, bakisha mota na fremu, toa taa ya duara ya inchi 7, weka projekta. Noma iko kwa nafasi: projekta ikiwa ndefu nyuma itagonga bodi ikilala. So toa fyuzi, zungusha kile kifundo cha mota kwa mkono, polepole, ucheki kama inapita. Kurushia LED kwa taa ya halojeni ni uvivu tu, na unapofusha dere anayekuja. Lenga mwanga ukutani usiku, taa zikiwa zimeinuka kabisa, juu mota iliyochoka huziacha nusu.