Kutoka Amadinda hadi Sintesaiza za Moduli

Sintesaiza ya moduli ni ala inayouzwa vipande vipande. Moduli moja huzalisha wimbi la sauti, nyingine huchuja, nyingine hupanga mapigo, na hakuna inayosikika hadi nyaya ziziunganishe. Anayeanza hukabiliwa na swali la moduli zipi zitangulie. Kampala swali hilo linagusa muziki uliokuwapo kabla ya umeme.

Ntinda, katika tarafa ya Nakawa, ndiko kwenye Ndere Centre, makao ya kundi la Ndere lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984. Jina limetokana na endere, filimbi ya Waganda. Miongoni mwa ala ambazo vikundi vya aina hii vimezihifadhi ni amadinda, marimba ya vibao 12 vinavyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, hupiga mfululizo wa noti kwa mwendo usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, hukaa upande wa pili na kuingiza noti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, husikiliza kinachotoka kwenye vibao viwili vya sauti nzito, kisha hukirudia kwenye vibao viwili vya sauti nyembamba zaidi. Mapigo ya wawili wa kwanza yakijumlishwa huweza kupita 500 kwa dakika, na msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake.

Amadinda ilipigwa katika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliposhambulia ikulu hiyo, Lubiri, huko Mengo, Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni na wanamuziki wake wakatawanyika. Ilikuwa hasara kubwa, nayo ingekuwa kubwa zaidi kama Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu, hangekuwa ameshaanza kufundisha nje ya kuta zake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Gerhard Kubik wa Austria, aliyejifunza kwake kuanzia mwaka 1959 na baadaye kuandika kwa kina juu ya nyimbo hizo zinazozaliwa sikioni.

Nazo sintesaiza za moduli zilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Robert Moog, jimboni New York, aliiwekea yake kinanda cha piano, na watu wengi wakaielewa mara moja. Don Buchla, San Francisco, alikikataa kinanda hicho. Aliona kwamba vidole vilivyozoea piano vingerudia muziki uleule wa zamani. Mifumo ya wakati huo ilikuwa ghali mno, ikabaki kwa vyuo, studio na wachache wenye uwezo. Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1990, Dieter Doepfer wa Ujerumani alipotoa mfumo wa A-100, uliozaa kipimo cha Eurorack: moduli zenye kimo cha milimita 128.5, umeme wa volti 12 chanya na hasi, na nyaya nyembamba zenye plagi za milimita 3.5. Kwa kuwa kipimo hicho kilikuwa wazi kwa yeyote, fundi wa popote aliweza kutengeneza moduli inayoungana na za wengine.

Kampala aliyeitumia nafasi hiyo ni Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack. Bei za moduli za kuagizwa zilipomshinda, alitumia michoro ya saketi iliyosambazwa bure kwenye intaneti na vipuri alivyoweza kuvipata mjini, akalehemu mfumo wake mwenyewe, unaotajwa kuwa wa kwanza wa namna hiyo Afrika. Mwaka 2022 lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala ilitoa albamu yake, *The Afrorack*.

Kwa anayeanza Ntinda, mfano huo una uzito zaidi kuliko orodha yoyote ya bidhaa. Ni vyema akumbuke pia kwamba amadinda hugawanya oktava katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, ilhali piano ina hatua 12. Katika Eurorack oktava moja ni volti moja. Hatua ya amadinda basi ni takribani volti 0.2, na ya piano takribani 0.083. Moduli inayolazimisha kila noti ifuate piano huuvuruga mgawanyo huo, kwa hiyo si ya kununuliwa kwanza. Zinazohitajika ni osileta mbili za kuzalisha wimbi, chujio, vikuza sauti viwili, vizalisha bahasha viwili vya kuongoza kupanda na kufifia kwa kila noti, na sikwensa mbili za kupanga noti zenye vitufe vya kuzungusha, zikiongozwa na saa moja. Ishara ya saa, ikiwa ya wimbi la mraba, ikigeuzwa kabla ya kufika kwenye sikwensa ya pili, noti zake huangukia katikati ya zile za kwanza, na omunazi na omwawuzi husikika tena kwa nyaya.