Utando mweupe kwa samaki wa mapambo si kuvu kila mara

SAMAKI wa mapambo anapoonekana na kitu cheupe mfano wa pamba mdomoni au ubavuni, wengi wanaomfuga hukimbilia dawa ya kuvu. Aghalabu dawa hiyo haifui dafu, kwani upo ugonjwa wa bakteria unaofanana mno na kuvu, na kinachotibu huu hakitibu ule.

Kinachoitwa kuvu kwenye matangi ya kioo huwa hasa ni Saprolegnia, kiumbe ambacho wanasayansi wa leo wamekitenga na kuvu ya kweli, ingawa jina la zamani limebakia. Mbegu zake zimo karibu katika kila tangi. Hazimdhuru samaki mzima, bali hushika pale ambapo ute wa ngozi umekwanguka kwa wavu, kwa kupigana au kwa kuumwa na vimelea. Mayai yaliyokufa huvamiwa kwanza, kisha yaliyo hai jirani yake.

Saprolegnia hupenda baridi. Ndiyo maana tangi lisilo na kipasha joto jijini Nairobi huwa hatarini zaidi kati ya Juni na Agosti, hasa likiwa na samaki waliozoea maji ya nyuzi 24 hadi 27.

Ugonjwa wa pili ni kolamnarisi, unaoletwa na bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Mtaalamu wa Marekani, Herbert Spencer Davis, aliueleza mwaka wa 1922 baada ya kuuona kwa samaki wa Mto Mississippi. Tofauti na Saprolegnia, huu hushamiri maji yanapopata joto.

Anayetaka kutofautisha magonjwa haya amulike samaki kwa tochi kutoka upande. Nyuzi za kuvu ni ndefu, husimama na kupeperuka majini. Utando wa kolamnarisi ni mfupi, umelala, na pengine una umanjano au wekundu pembezoni. Huzunguka midomo, au hukaa mgongoni kama tandiko la punda. Bakteria hao wakiingia kwenye matamvua, samaki huhema kwa kasi na kukaa karibu na uso wa maji. Muda pia ni ushahidi: kuvu huchukua siku kadhaa kuenea, ilhali kolamnarisi kali yaweza kuua katika siku moja au mbili. Daktari wa mifugo mwenye hadubini humaliza ubishi huo kwa kukwangua ute kidogo tu.

Kosa kubwa zaidi hutokea hapa. Wafugaji wengi wamezoea kupandisha joto la maji wanapotibu ugonjwa wa madoa meupe, ambao ni wa vimelea. Mazoea hayo yakihamishiwa kwa samaki mwenye kolamnarisi, huharakisha kifo chake.

Kabla ya dawa yoyote, maji yapimwe. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huchoma matamvua na kufungulia vijidudu mlango. Katika tangi jipya, bakteria wema wanaoivunja amonia huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga, nao hukaa zaidi kwenye chujio. Kuosha chujio hilo kwa maji ya mfereji yenye klorini ni kuwaua. Lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe. Samaki mmoja aliyechanika pezi kidogo anaweza kupona kwa kubadilishiwa robo ya maji mara kwa mara, bila hata tone la dawa.

Asipopona, atengwe kwenye chombo kitupu chenye pampu ya hewa. Kutenga si anasa: buluu ya methilini, ambayo husaidia dhidi ya kuvu na hutumika sana kukinga mayai, huua pia bakteria wema na kutia doa kila kitu. Kijani cha malakiti kina nguvu zaidi lakini ni sumu. Umoja wa Ulaya na Marekani haziruhusu kitumike kwa samaki wa kuliwa. Mkaa wa chujio uondolewe wakati wa tiba, la sivyo utanyonya dawa.

Chumvi ya kawaida, gramu 1 hadi 3 kwa lita, husaidia katika magonjwa yote mawili yakiwa machanga. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, hivyo gramu 2 kwa lita ni gramu 108, zitiwe kidogo kidogo kwa muda wa siku nzima. Samaki wasio na magamba, mfano wa jamii ya kambare, huhitaji tahadhari zaidi.

Kolamnarisi iliyokomaa huhitaji viuavijasumu. Oksitetrasaiklini hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, lakini hunaswa na kalisi na magnesi katika maji magumu, kama yale wanayopewa samaki wa maziwa ya Malawi na Tanganyika, ikapoteza makali. Afadhali ichanganywe na chakula kwa kipimo cha daktari, samaki angali anakula. Kukatiza dozi huzalisha bakteria sugu. Samaki aliyevimba tumbo huku magamba yamesimama, kwa upande wake, ni nadra kuokoka.

Yupo pia bakteria asiyemwacha mfugaji mwenyewe salama. Mycobacterium marinum, aliyetambuliwa mwaka wa 1926 katika samaki waliokufa kwenye hifadhi moja ya Philadelphia, hukondesha samaki na huweza kuingia kwa binadamu kupitia mkwaruzo mkononi. Vinundu hujitokeza wiki kadhaa baadaye, na tiba yake huchukua miezi. Mwenye kidonda mkononi avae glavu anaposafisha tangi, na akienda hospitalini kwa uvimbe usiopona, amweleze daktari kwamba anafuga samaki.