Ustawi wa Jamii: Kutoka Ziara za Nyumbani Hadi Shahada ya Chuo Kikuu

Shahada ya ustawi wa jamii ni elimu changa. Udaktari na sheria vilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya tangu zama za kati, lakini Uingereza, ambako kazi ya kuhudumia familia zenye shida ilianza kupewa utaratibu wake, haikumtaka mfanyakazi wa ustawi wa jamii awe na shahada hadi mwaka 2003. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa imefanywa na kufundishwa kwa zaidi ya miaka 130: kwanza milangoni pa watu, kisha katika kozi fupi, kisha katika vyuo. Ilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na mara nyingi kilichoisukuma ni kushindwa kulikogharimu maisha ya mtu.

Shule ya kwanza ilikuwa mtaani

Mwaka 1865 Octavia Hill alikabidhiwa nyumba chache chakavu katika eneo la Marylebone, London, zilizonunuliwa na mwandishi John Ruskin. Hill aliwapangisha watu wa kipato cha chini, na badala ya kutuma dalali kudai kodi, aliwatumia wanawake waliojitolea. Kila wiki walibisha hodi, wakapokea kodi, wakatazama ngazi iliyovunjika au bomba lililoziba, wakauliza habari za mtoto aliyekuwa mgonjwa na za baba aliyekuwa hana kazi. Mgeni katika kazi hiyo hakupewa kitabu. Alifuatana na mwenyeji wake nyumba hadi nyumba mpaka alipoaminiwa kwenda peke yake.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1869, kikaanzishwa chama cha kuratibu misaada, Charity Organisation Society. London ilikuwa na mamia ya mifuko ya hisani iliyotoa sadaka bila kujuana, hivyo familia moja iliweza kupata mara tatu na jirani yake asipate kitu. Chama kiliweka ofisi katika mitaa, na kila ombi la msaada likafunguliwa jalada. Ndani yake yaliandikwa majina ya wanafamilia, mishahara, kodi ya nyumba, madeni, ndugu wanaoweza kusaidia na maoni ya mwajiri. Mjumbe alikwenda nyumbani kuthibitisha, kisha kamati ikaketi na kuamua.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa. Kamati ziliwagawa maskini katika makundi mawili, wanaostahili na wasiostahili, na mara nyingi ziliona umaskini kuwa kosa la maskini mwenyewe. Hata hivyo, jalada, ziara ya nyumbani na kikao cha kujadili familia moja baada ya nyingine vimebaki kuwa nyenzo za kazi hii hadi leo.

Kundi jingine liliuona umaskini kwa jicho tofauti. Mwaka 1884 mchungaji Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua Toynbee Hall katika mtaa wa Whitechapel, ambako wasomi wa Oxford na Cambridge waliishi miongoni mwa vibarua wa mashariki mwa London. Mwaka 1887 wanawake wasomi wakaanzisha makazi yao huko Southwark. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakafungua Hull House katika mtaa wa wahamiaji mjini Chicago. Kwa watu hawa, tabia ya familia moja moja haikutosha kueleza umaskini. Ilibidi kuchunguza pia mishahara, nyumba, viwanda na sheria. Mvutano kati ya kumsaidia mtu na kubadili mazingira yake ukawa somo la kudumu la fani hii.

Mwaka 1895 kazi iliingia hospitalini. Mary Stewart, aliyekuwa katibu wa Charity Organisation Society, aliajiriwa na Royal Free Hospital ya London kuchuja wagonjwa wa nje waliokuwa na uwezo wa kulipa. Kazi yake ikapanuka mara moja, kwa kuwa mgonjwa asiye na chakula nyumbani hakuponywa na dawa peke yake. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anatokana na kazi hiyo.

Kozi zinaanza

Mwishoni mwa karne ya 19 ilionekana wazi kwamba moyo wa huruma hautoshi. Mwaka 1897 Mary Richmond, mtumishi wa mashirika ya misaada nchini Marekani, alitaka kuwe na shule ya kuwafunza wafanyakazi hao. Kiangazi cha mwaka 1898 chama cha misaada cha New York kikaendesha kozi ya wiki 6. Kufikia mwaka 1904 ilikuwa kozi ya mwaka mzima, na shule iliyotokana nayo hatimaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mjini Amsterdam ilifunguliwa mwaka 1899 taasisi ya mafunzo ya miaka 2, na mjini Berlin Alice Salomon alianzisha mwaka 1908 shule ya wanawake iliyounganisha uchumi, sheria, afya na kazi ya vitendo miongoni mwa familia.

Uingereza, miji ya viwanda ndiyo iliyoingiza mafunzo haya katika vyuo vikuu. Liverpool ilianza mwaka 1904, Birmingham ikafuata mwaka 1908. London, shule iliyoanzishwa na Charity Organisation Society mwaka 1903 iliunganishwa mwaka 1912 na London School of Economics, kwa msaada wa fedha za tajiri wa Kihindi, Ratan Tata. Miongoni mwa wahadhiri wa mwanzo wa idara hiyo alikuwemo Clement Attlee, kijana aliyekuwa akiishi na kufanya kazi katika mitaa maskini ya mashariki mwa London. Mwaka 1920 aliandika kitabu kuhusu kazi ya ustawi wa jamii. Mwaka 1945 akawa waziri mkuu, na serikali yake ikaanzisha huduma ya afya ya taifa na kupanua bima ya jamii.

Je, ni taaluma?

Swali hilo liliulizwa hadharani mwaka 1915 katika mkutano wa Baltimore, Marekani. Abraham Flexner, ambaye ripoti yake ilikuwa imetikisa vyuo vya udaktari vya nchi hiyo, alihukumu kwamba ustawi wa jamii bado si taaluma kamili: hauna mbinu zake wenyewe, na mhudumu wake ni mpatanishi tu kati ya daktari, mwalimu na wakili. Hukumu hiyo iliuma, lakini ilizaa matunda.

Miaka 2 baadaye Richmond alitoa kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua namna ya kukusanya ushahidi kuhusu maisha ya familia: nini kiulizwe kwa ndugu, shuleni, kwa tabibu, kwa mwajiri na katika kumbukumbu za serikali, na namna ya kupima maelezo yanayopingana. Mwaka 1920 shule ya ustawi wa jamii ya mjini Chicago ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Huko Edith Abbott na Sophonisba Breckinridge walisisitiza takwimu, sheria na utafiti. Kwao, mwanafunzi asiyejua jinsi sheria inavyotungwa alikuwa hajafunzwa.

Wakati huohuo London ilipanua upande wa nafsi. Mwaka 1929 London School of Economics ilianzisha kozi ya wafanyakazi wa afya ya akili kwa fedha za mfuko wa Kimarekani. Hivyo kufikia Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na wafanyakazi wa hospitali, wa afya ya akili, wa mahakama na wa watoto, kila kundi likiwa na mafunzo yake na cheti chake.

Vifo vilivyobadili sheria

Mwezi Januari 1945 Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12, alikufa kwa kipigo na njaa katika shamba la watu waliopewa jukumu la malezi yake ya kambo huko Shropshire. Kifo hicho kiliongeza uzito wa kamati iliyoongozwa na Myra Curtis, ambayo ripoti yake ya mwaka 1946 ilipendekeza kila halmashauri iwe na maafisa wa watoto waliosomea kazi hiyo. Sheria ya Watoto ikapitishwa mwaka 1948, na vyuo vikuu vikafungua kozi za kuwafunza maafisa hao.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuunganisha mafunzo yaliyotawanyika ni Eileen Younghusband. Ripoti zake za mwaka 1947 na 1951 zilionyesha kuwa msingi wa kazi ni mmoja, iwe hospitalini au mahakamani. Mwaka 1954 London School of Economics ikaanzisha kozi ya pamoja kwa fani zote, na ripoti ya Younghusband ya mwaka 1959 ikafungua njia ya kozi za miaka 2 nje ya vyuo vikuu kwa watumishi wa halmashauri. Kisha kamati ya Frederic Seebohm ikapendekeza mwaka 1968 kwamba huduma zote ziwe chini ya idara moja katika kila halmashauri. Kuanzia mwaka 1971 likawapo baraza moja la mafunzo, na baadaye cheti kimoja kinachotambuliwa nchi nzima.

Cheti hakikuzuia misiba. Mwaka 1973 Maria Colwell, msichana wa miaka 7, aliuawa na baba yake wa kambo baada ya kurudishwa nyumbani, na uchunguzi ukaonyesha kuwa shule, majirani na maafisa walikuwa na taarifa ambazo hazikuunganishwa. Wataalamu walitaka mafunzo ya miaka 3, lakini mwaka 1988 serikali ilikataa kwa sababu ya gharama, na stashahada ya miaka 2 ikachukua nafasi ya cheti.

Mwezi Februari 2000 Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, alikufa jijini London baada ya mateso ya muda mrefu mikononi mwa shangazi wa baba yake na mpenzi wa mwanamke huyo. Mwili wake ulikuwa na majeraha 128. Halmashauri kadhaa, hospitali na polisi walikuwa wamekutana naye akiwa hai. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, iliyotoka Januari 2003, ilikuwa na mapendekezo 108. Wakati huo serikali ilikuwa tayari imeamua kupandisha sifa, na Septemba ya mwaka huo stashahada ikaanza kupisha shahada. Tangu Aprili 2005, Uingereza, mtu ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kisheria kujiita mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Ndani ya shahada

Shahada iliyoanza mwaka 2003 ilimtaka mwanafunzi amalize angalau siku 200 za mafunzo kwa vitendo, yaani sehemu kubwa ya muda wake nje ya darasa. Darasani anasoma sheria, makuzi ya mtoto, saikolojia, sera za jamii na maadili. Nje anapewa msimamizi na familia chache. Baada ya ziara, huandika mazungumzo karibu neno kwa neno: mama alisema nini, mwanafunzi alijibu nini, na moyoni alihisi nini wakati mama alipoangua kilio. Msimamizi husoma, kisha humwuliza kwa nini alibadili mada pale mama alipoanza kumtaja mume. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba alikwepa jambo aliloliogopa.

Njia ya Afrika

Afrika haikungoja Ulaya imalize mjadala. Shule ya ustawi wa jamii ya Cairo ilifunguliwa mwaka 1937, na mwaka 1941 ikafunguliwa Jan Hofmeyr School mjini Johannesburg kwa ajili ya wanafunzi weusi. Miongoni mwa waliosoma huko ni Joshua Nkomo wa Zimbabwe, Eduardo Mondlane wa Msumbiji na Winnie Madikizela, ambaye baadaye alifanya kazi ya ustawi wa jamii katika hospitali ya Baragwanath. Nchini Kenya, shule ya Machakos ilianza mwaka 1962 kwa ushirikiano na Israel, ikilenga zaidi maendeleo ya vijijini.

Tatizo kubwa lilikuwa vitabu. Mifano iliyofundishwa ilitoka London na Chicago, ambako familia ni baba, mama na watoto. Haikumsaidia afisa anayekutana na mtoto mwenye mjomba, shangazi na bibi, wote wakiwa na haki ya kusemea malezi yake. Mwaka 1971 shule za bara hili ziliunda umoja wao uliokuwa na makao Addis Ababa, na moja ya kazi zake ilikuwa kukusanya visa vya Kiafrika vya kufundishia.

Tanzania ilianzisha chuo chake kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973. Kilichoitwa Chuo cha Taifa cha Mafunzo ya Ustawi wa Jamii sasa ni Chuo cha Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Kilianza na mafunzo ya ngazi za chini kwa watumishi wa serikali, na baadaye kikatoa shahada. Janga la UKIMWI lilipoacha yatima wengi kuliko maafisa waliokuwapo, chuo hicho kilishirikiana na Jane Addams College of Social Work ya Chicago kuandaa kozi fupi za wafanyakazi wasaidizi wa vijijini. Kozi fupi iliyoanza New York mwaka 1898 ikawa imerudi, safari hii ikiwa nyongeza ya shahada na si mbadala wake.

Uzito wa shahada hiyo unaonekana zaidi mahakamani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka afisa ustawi wa jamii awepo katika mahakama ya watoto, na taarifa yake ya uchunguzi kuhusu familia ya mtoto hufikishwa mbele ya hakimu. Hakimu hajafika kwa mtoto huyo, hajaona anakolala wala hajasikia majirani wanasema nini. Uamuzi wake hutegemea afisa aliyekwenda, alichoweza kukiona, na jinsi alivyofunzwa kukiandika. Halmashauri inayoajiri mtu asiyesomea kazi hiyo ili kupunguza gharama inahamishia gharama hiyo kwa mtoto.