Ushindani na Malezi: Ngoma za Wasukuma na Ndondi za Vyuoni

Katika nchi ya Usukuma, ambayo Shinyanga ni sehemu yake kubwa, ushindani ulikuwa chuo cha vijana kabla ya kujengwa shule za misheni na za serikali. Mapokeo yasimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili waliokuwa pia mafundi wa ngoma, Ngika na Gumha, walishindania sifa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo kijana aliyeingia katika ngoma alikuwa wa upande mmoja au wa pili. Na Wasukuma walipohamia Geita kwa wingi katika karne ya 20, wakitafuta malisho na mashamba ya pamba, walikwenda na mgawanyo huo.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na lile livutalo watazamaji wengi zaidi ndilo lishindalo. Kwa kuwa hakimu ni watazamaji wenyewe, nguvu za mwili hazitoshi. Kijana hana budi kuleta jambo jipya, ama ufundi wa kurusha jembe katika bugobogobo, ama ushupavu wa kumshika nyoka katika ngoma ya bayeye. Na kiongozi, aitwaye ningi, hutunga nyimbo za kuwasifu wake na kuwadhihaki wapinzani. Mchezaji hujifunza kutii mdundo, kuvumilia mazoezi, na kudhihakiwa mbele ya watu pasipo kuinua mkono. Nidhamu hiyo haikuachwa uwanjani, kwani vijana walilima pamoja kwa ngoma na nyimbo, na kazi nzito ikawa nyepesi.

Hata hivyo malezi hayo yana upande wake mbaya. Kila kundi lilitegemea dawa, ziitwazo samba, za kuwavuta watu na kumdhoofisha mpinzani. Aliyeshindwa aliweza kusema kwamba amezidiwa kwa dawa, wala si kwa ufundi. Na mtu anayemlaumu mwingine kwa kushindwa kwake hapati nafasi ya kujirekebisha.

Mwanafunzi apiganaye ndondi kwa jina la chuo chake hukosa kisingizio hicho. Akipigwa, ajua ni mkono gani aliochelewa kuuinua. Humo ndimo ilimo faida kubwa ya ulingo: hofu hukabiliwa waziwazi, hasira hufungwa, na kijana huupima uwezo wake kwa kipimo kisichobembeleza. Lakini bondia husimama peke yake, na ushindi wake hutafutwa katika mwili wa mwenziwe. Mwezi wa Aprili 1960, Charlie Mohr, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, aliumia ubongo katika mashindano ya vyuo yaliyofanyika chuoni kwake, akafa baada ya siku chache. Chama kilichosimamia michezo ya vyuo nchini humo hakikuandaa tena mashindano ya ndondi. Zanzibar nayo ilipiga ndondi marufuku mwaka 1964, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2022. Bara, mchezo huo uliendelea, na mwaka 1970 Titus Simba aliipatia Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Kwa hiyo swali la kama ushindani humjenga kijana haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Hapana budi kutazama mshindwa anabaki na nini. Medali humhusu mshindi. Malezi humhusu zaidi aliyeshindwa, kwa sababu katika kila pambano yupo mmoja wa namna hiyo, na mara nyingi ni kijana asiyekumbukwa na yeyote. Ulingo humfunza ukweli, lakini waweza kumnyima afya, hata uhai. Uwanja wa ngoma humwachia mwili mzima na wenzake wa kulima nao, ingawa humpa pia udhuru wa dawa. Msimu ukigeuka, kundi lililoshindwa humtafuta mpinzani yule yule, kwa maana pasipo Bagalu, Bagika hawana wa kushindana naye.