Mwanaharakati na Makabrasha: Ugumu wa Kujifunza katika Utetezi wa Haki Zanzibar

Ugumu wa kujifunza ni hali ya kudumu inayomfanya mtu ashindwe kusoma, kuandika au kuhesabu kwa wepesi unaotarajiwa, ingawa akili yake ni timamu na amesomeshwa kama wenzake. Disleksia, inayogusa usomaji, ndiyo inayojulikana zaidi. Ulemavu wa akili ni jambo jengine, kwani hugusa uelewa na kujimudu kwa jumla. Lakini mwenye hali yoyote kati ya hizo akiingia katika utetezi wa haki, hugonga ukuta ule ule wa maandishi.

Unguja, ugumu huu huchelewa kugundulika. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mwenye disleksia huweza kujikokota silabi kwa silabi hadi mwisho wa mstari, na kasi yake ndogo ikachukuliwa kuwa uzito tu. Katika chuo cha Kurani, mtoto huhifadhi sura kwa kusikiliza na kufuatisha. Mwenye sikio zuri huwapita wenzake hata kama ukurasa asiouzoea humshinda. Mambo huharibika skuli, hasa Kiingereza kinapoingia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa lugha hiyo kuanzia darasa la tano. Hapo mtoto huitwa mvivu, na jina hilo humfuata ukubwani.

Harakati za watu wenye ulemavu anazojiunga nazo akiwa mtu mzima zina historia ndefu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ) ulianzishwa 1985, na jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ikafuata 1999. Sheria Namba 9 ya 2006 ilizitambua haki za watu wenye ulemavu visiwani, na 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Haya ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, kazi yenyewe ya utetezi imejengwa juu ya karatasi: katiba, maandiko ya miradi, ripoti za robo mwaka. Asiyesoma kwa wepesi hubaki mgeni ndani ya jumuiya yake mwenyewe.

Taabu huanza kabla ya kikao cha jumuiya. Kwa baadhi ya wenye hali hii nambari nazo hupishana machoni, na daladala nambari 502 ya Bububu huweza kuchanganywa na 505 ya Uwanja wa Ndege. Mjumbe akishafika Mji Mkongwe hukabidhiwa kabrasha asubuhi ile ile, pengine nusu yake Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Husaini mahudhurio, hujaza fomu ya nauli huku foleni ikimsukuma, kisha huulizwa maoni kuhusu ukurasa wa kumi na mbili. Hunyamaza, au husema anaunga mkono. Katibu naye huandika katika muhtasari kwamba wajumbe wote wameridhia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa umeliona tatizo hilo la maandishi. Kifungu chake cha 2 kinataja lugha nyepesi na msomaji wa kumsomea mtu miongoni mwa njia za mawasiliano, sambamba na nukta nundu. Robert Martin wa New Zealand, mwenye ulemavu wa akili, alichaguliwa 2016 kuingia katika Kamati inayosimamia Mkataba huo, wa kwanza wa hali yake, naye alifanya kazi akiwa na msaidizi.

Dhidi ya kumpa mjumbe msaidizi kama huyo, hoja ya gharama ina uzito mdogo. Hofu ya kweli ni kwamba msaidizi, ambaye mara nyingi ni mzazi au mwalimu, ataishia kumsemea mjumbe. Jumuiya za ulemavu wa akili hutegemea sana wazazi, na mapenzi yao hayaondoi hatari hiyo. Mpaka lazima uwekwe katika kanuni za kikao: msaidizi husoma na kufafanua, mjumbe ndiye anayeamua na kupiga kura, na swali huelekezwa kwake moja kwa moja.

Makatibu wa jumuiya wanaweza kuanza na kikao kijacho. Wafupishe ajenda iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, waitume siku kadhaa kabla pamoja na ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na wasiandike kimya cha mjumbe kuwa ni ridhaa.