Pasi ya Siku Moja

Ukifika Juba ukauliza Buluk ni wapi, utaonyeshwa makao makuu ya polisi. Jina lenyewe ni la kijeshi: kwa Kituruki, bölük ni kikosi cha askari, na neno hilo liliingia katika Kiarabu cha Sudan pamoja na majeshi. Hapo ndipo nilipozaliwa. Kakuma ndiko nilikokulia na kujifunza hiki Kiswahili changu. Sasa naishi Boston.

Kakuma, kadi ni chakula. Ukiipoteza, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo nilipopewa kadi ya maktaba ya umma ya Boston nilisimama tu, nikisubiri kuonyeshwa foleni. Maktaba hiyo ilianzishwa mwaka 1848, na juu ya mlango wa jengo lake la 1895 kumechongwa maneno yasemayo kwamba ni bure kwa wote. Mkutubi akaniambia kadi hiyo haiazimi vitabu pekee, inaazima hata pasi za majumba ya makumbusho. Unachagua siku, unaonyesha pasi mlangoni, kiingilio kinashuka. Kwa Museum of Fine Arts, ambako mtu mzima hulipa zaidi ya dola 25, na mimi nasafisha ofisi usiku, huo si msaada mdogo.

Nilienda kuona picha za rangi. Nikakutana na Sudan.

Alikuwa Aspelta, mfalme wa Kush, sanamu ya jiwe yenye urefu wa zaidi ya mita 3. Mwamerika George Reisner aliifukua Jebel Barkal mwaka 1916, ikiwa vipande vipande. Tangu 1913 alikuwa akichimba kaskazini mwa Sudan kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Harvard na jumba hili. Kerma alikuta makaburi makubwa ajabu, akaamua ni ya magavana kutoka Misri, kwa sababu hakuamini kwamba watu weusi wangeweza kujenga ufalme wa namna ile. Baadaye ilijulikana ni makaburi ya wafalme wa Kush wenyewe. Jumba lenyewe lilikiri kosa hilo katika maonyesho yake ya Nubia ya mwaka 2019.

Vitu vilivyofukuliwa viligawanywa: vingine vikabaki Sudan, vingine vikaja Boston. Usiku ule nilimpigia mama, yuko Buluk bado, nikamweleza.

"Nani aliwapa ruhusa?" akauliza.

"Serikali, mama."

"Serikali gani?"

Nikanyamaza. Wakati ule Sudan ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Wamisri, na hali hiyo iliendelea hadi 1956.

Lakini wacha niseme ukweli, hata mimi kumdai Aspelta ni kazi. Sisi ni watu wa kusini. Khartoum ilikuwa na jumba lake la taifa tangu 1971, na katika miaka ile ya vita sisi wa kusini hatukujiona humo. Tulipojitenga tarehe 9 Julai 2011 hatukuwa na makumbusho ya taifa. Hata nyaraka zetu za serikali zilikaa miaka ndani ya hema pale Juba, kama wakimbizi wenzetu.

Halafu vita vikaanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Jeshi liliporudi katikati ya mji Machi 2025, jumba lile lilikutwa limeporwa. Sanamu kubwa ya Mfalme Taharqa ilibaki, maana nani angeibeba? Vitu vidogo vilikuwa vimekwenda. Nilipoona picha za makabati yale matupu niliumia, nikashangaa kwamba nimeumia. Na sitaficha: nilifurahi kwamba Aspelta yuko Boston. Kisha nikaona aibu kwa furaha hiyo, kwa sababu ndiyo hoja ya kila aliyechukua mali ya mwenzake: kwangu itakuwa salama zaidi.

Mama alipoona picha niliyomtumia hakubishana. Aliuliza tu, "Huyo mfalme, na yeye atarudi lini?" Alisema "na yeye", kwa sababu swali hilo hunitupia mimi kila wiki.

Mwezi ujao nimeshaweka nafasi tena, safari hii na binti yangu. Yeye amezaliwa huku. Nataka amwone Aspelta na aulize mwenyewe amefikaje, kabla pasi haijaisha saa ya kufunga.