Mkaidi wa Ngonjera: Beti Zilizotungwa na Wengi

Tusimuliapo historia ya ushairi wetu, aghalabu tunataja malenga mmoja mmoja. Twasahau kwamba zipo tungo zilizotungwa na kundi zima, zikaghaniwa na kundi zima, wala hazikutiwa jina la mtu. Ngonjera za shuleni za miaka ya 1970 ni miongoni mwa tungo hizo, nami nilishiriki moja nikiwa darasa la tano huku Njombe.

Ngonjera kama tulivyoijua ni tunda la jitihada za Mathias Mnyampala, hakimu na mshairi aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa Februari 1967, washairi wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, walilieneza kwa tungo. Mnyampala aliichukua desturi kongwe ya malumbano akaipa umbo la majibizano yenye kufundisha: mmoja hajui au anapinga, mwenzake anaeleza, na mwishowe wanapatana. Alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, mwenyewe asivione. Hata hivyo mbegu ilikwisha kuota, na shule nyingi zikawa na ngonjera zao.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, si hiari tena. Mwaka uliofuata mwalimu wetu akatushirikisha kutunga ngonjera ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Beti za mshauri alizitunga mwenyewe, kwani hoja zake zilijulikana: shule, zahanati, maji, barabara. Beti za mkaidi zikamshinda. Akatuagiza: "Wanangu, wasikilizeni wazee nyumbani, kesho mniletee sababu zao."

Tulirudi na sababu tele. Huyu alisikia kwamba shamba jipya litakuwa mbali. Yule, kwamba mianzi ya ulanzi haing'olewi leo ikagemwa kwingine kesho. Mwingine, kwamba makaburi yatabaki peke yake. Tukapima mizani kwa vidole, nane kwa nane, tukabadilishana vina, hata hatukujua tena neno lipi ni la nani. Mistari miwili sijaisahau:

Mianzi ya mlimani, nani ataihamisha?
Na wazee kaburini, nani atawaamsha?

Nafasi ya mkaidi nikapewa mimi. Siku ya kughani, wazazi walijaa uwanjani, baadhi wakitoka upande wa Ramadhani. Mshauri alipigiwa makofi ya heshima. Nilipofika kwenye mistari ile, uwanja ukanyamaza. Kisha bibi mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata. Katika ubeti wa mwisho, kama kanuni ilivyotaka, nikakubali kuhama. Makofi yakawa machache.

Tulipokwenda kushindana Makambako, kwenye njia ya reli ya TAZARA, mistari ile miwili ilikwisha kuondolewa. Mwalimu hakutueleza sababu, nasi hatukuuliza. Mkaidi niliyemghani siku hiyo alikuwa mvivu tu, mpenda pombe, na watu walimcheka. Hatukuwa tumepunguza mistari miwili pekee: tulikuwa tumewanyang'anya wazee wetu hoja zao, tukawaachia aibu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa sekondari, niliwasikia wenzangu wakizidharau ngonjera kuwa ni ushairi wa kutumwa, wa watoto kukariri kama kasuku. Kwa upande wa mshauri sikuwa na la kubisha. Lakini ili mshauri apate wa kumjibu, ilibidi mkaidi aseme. Na ili aseme jambo la kuaminika, ilibidi wanakijiji wenyewe wamtungie. Hivyo mashaka yasiyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano wowote yakapata vina na mizani, yakaghaniwa hadharani mbele ya mgeni rasmi. Kijiji kilihama hata hivyo, na mianzi ikabaki mlimani.

Daftari letu lilipotea zamani. Iwapo msomaji amehifadhi ngonjera ya shule yake, namsihi ainakili yote, wala asiishie kwenye beti za mshauri. Akumbuke pia kuandika ni beti gani za mkaidi zilizofutwa.